Helikopta ya Everest au ya Annapurna? Ulinganisho kwa mwenye siku tano Nepal

Mtu mwenye siku tano za likizo, pesa ya kutosha na hamu ya kuona Himalaya bila kutembea wiki mbili na mzigo mgongoni atakutana na vifurushi viwili ambavyo karibu kila wakala wa Nepal anavyo. Cha kwanza unalala Kathmandu, na asubuhi moja helikopta inakupeleka hadi Everest. Cha pili unapelekwa Pokhara, na helikopta inakuingiza katikati ya milima ya Annapurna. Vyote viwili vinauzwa kwa maneno yale yale: anasa, milima, urithi wa utamaduni. Picha za matangazo nazo hazisaidii, maana theluji ya hapa na ya pale zinafanana.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa helikopta yenyewe, Annapurna inashinda. Kwa urithi, Kathmandu inashinda kwa mbali, hata mashindano hakuna. Anayechagua kwa kufuata jina la mlima peke yake anaweza kulipa zaidi na kurudi na kitu ambacho hakukitaka.

Asubuhi ya Everest inavyokwenda

Ratiba haitofautiani sana kati ya kampuni na kampuni. Unaamshwa gizani, unafika kiwanja cha Tribhuvan upande wa ndege za ndani mnamo saa kumi na mbili asubuhi, na jambo la kwanza ni mizani: unapimwa wewe, kisha kimkoba chako. Usione haya. Helikopta inayotumika karibu siku zote ni Airbus H125, ambayo zamani iliitwa AS350 B3, yenye nafasi ya rubani na abiria watano. Ni aina hiyo hiyo ambayo Mfaransa Didier Delsalle aliitua kwenye kilele chenyewe cha Everest tarehe 14 Mei 2005. Ina nguvu, lakini hewa ya huko juu ni nyepesi. Mapanga hayapati cha kushika na injini nayo inapungukiwa na pumzi, kwa hiyo kila kilo ina hesabu yake.

Kutoka Kathmandu, ulioko kwenye mita 1,300 na ushee, mnaruka kuelekea mashariki kwa dakika 45 hivi hadi Lukla, kile kiwanja maarufu chenye njia ya kurukia ya mita 527 iliyojengwa kwenye mteremko. Hapo mnaongeza mafuta. Kisha mnafuata bonde la mto Dudh Koshi. Namche Bazaar (mita 3,440) inapita chini yenu, kisha makao ya watawa ya Tengboche, kisha Ama Dablam wa mita 6,812, ambao kwa macho yangu ndio mlima mzuri kuliko yote ya upande ule, Everest ikiwemo. Mkifika Pheriche, juu kidogo ya mita 4,300, helikopta inatua na abiria wanagawanywa. Wawili au watatu wanapelekwa Kala Patthar na kurudishwa, kisha wanapelekwa waliobaki. Hili mara nyingi halimo kwenye tangazo, na kuna wanaoshtuka wakidhani wametapeliwa. Ni uzito tu. Helikopta iliyojaa haiwezi kutua kule na kuondoka salama.

Kala Patthar iko juu ya mita 5,500. Kwa aliyepanda Kilimanjaro, hicho ni kimo kisichopungua sana Uhuru, mita 5,895, ila yeye alipanda kwa siku sita au saba na mwili ukazoea. Wewe saa mbili zilizopita ulikuwa hotelini unafunga vifungo vya koti. Ndiyo sababu mnasimama dakika kumi tu, mara nyingine tano, injini ikinguruma na mapanga yakizunguka. Unashuka umeinama, unasogezwa pembeni, unapigwa picha, unarudi ndani. Ukijaribu kukimbia ili uwahi kona nzuri ya picha, hatua chache tu na moyo unagonga masikioni.

Na Everest? Unaiona, lakini si vile wengi wanavyotarajia. Nuptse, mita 7,861, imesimama mbele na ipo karibu zaidi, kwa hiyo machoni inaonekana ndefu kuliko Everest yenyewe, ambayo inachungulia nyuma yake, nyeusi, mara nyingi ikipeperusha utepe wa theluji kwa upepo. Asiyeonyeshwa hupiga picha nyingi za Nuptse akazipeleka nyumbani kwa jina lisilo lake. Muulize rubani, hatachoka kukuonyesha. Kambi ya chini, mita 5,364, ambako wapanda mlima hukaa kabla ya kuanza kupanda, mnaiona kutoka hewani tu, na hata mngetua pale msingeona kilele.

Baada ya hapo kinakuja kituo ambacho mimi naona ndicho kinachobeba thamani ya safari nzima: kifungua kinywa Hotel Everest View, Syangboche, mita 3,880, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1971. Unakaa kwenye baraza, kikombe mkononi, na mbele yako wamepangana Everest, Lhotse na Ama Dablam. Hapa unapumua vizuri zaidi na hakuna anayekuvuta mkono uharakishe, ingawa helikopta za wengine zitakuwa zinatua na kuruka jirani. Wakala akikupunguzia bei kwa kuondoa kituo hiki, kataa. Kufikia saa tano au sita mchana mmesharudi Kathmandu.

Ya Annapurna ni fupi, lakini unashuka kweli

Pokhara iko chini, kama mita 800 tu, kando ya ziwa Phewa, na milima imeusogelea mji kwa namna inayoshangaza. Machhapuchhre, mita 6,993, uko kilomita 30 hivi kutoka ziwani. Siku ya hewa safi unauona ukiwa kitandani, na asubuhi kivuli chake kinalala majini.

Helikopta inaruka dakika 20 hadi 25. Inapanda na bonde la Modi Khola, inapenya kwenye mlango mwembamba kati ya Machhapuchhre na Hiunchuli, na ghafla mko ndani ya uwanja uliozungushiwa milima pande zote. Mnatua kambi ya chini ya Annapurna, mita 4,130. Kwa kawaida hakuna kugawanywa makundi. Mara nyingi rubani huzima injini, na hapo ndipo tofauti na Kala Patthar inapojitokeza: unasikia upepo, unasikia mawe yakiporomoka mbali kwenye mto wa barafu, unaagiza chai kwenye nyumba za wageni za pale na kuinywa ukiwa umekaa. Nusu saa inapita hivyo, wakati mwingine zaidi.

Na mlima unaoutazama una habari nyingi. Annapurna I, mita 8,091, ndio uliokuwa wa kwanza kupandwa hadi kileleni kati ya milima yote inayozidi mita 8,000. Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika juu tarehe 3 Juni 1950, miaka mitatu kabla ya Everest, na wote wawili walirudi wakiwa wamepoteza vidole kwa baridi. Ukuta wa kusini, huo ulio mbele ya meza yako ya chai, ulipandwa na Waingereza mwaka 1970. Karibu na kambi kuna ukumbusho wa Anatoli Boukreev, mpanda mlima wa Kazakhstan aliyefukiwa na poromoko la theluji pale Desemba 25, 1997. Bendera za sala zimefungwa juu yake, nyingine mpya, nyingine zimepauka mpaka hazina rangi. Nyuma yako ni Machhapuchhre, mlima mtakatifu ambao hauruhusiwi kupandwa. Waingereza wawili waliukaribia mwaka 1957, wakageuka nyuma wakiwa wamebakisha kama mita 50, na tangu hapo serikali haijatoa kibali.

Ukiiweka kwenye mizani, Everest inakupa saa nne hadi tano za safari, sehemu kubwa ukiwa umefunga mkanda, na dakika kumi za kusimama mahali ambapo mwili unalalamika. Annapurna inakupa saa moja na nusu hivi kwa jumla, na sehemu nzuri yake uko chini, miguu kwenye nyasi au theluji. Kwa bei, kiti kimoja cha Everest kwenye helikopta ya kuchangia huuzwa kati ya dola 1,000 na 1,500 hivi. Cha Annapurna ni kama nusu yake, pengine chini ya hapo. Ukikodi helikopta nzima kwa ajili ya familia, pengo linakuwa kubwa zaidi.

Kama unasafiri na mzazi mwenye umri, au yeyote mwenye presha au tatizo la moyo, mita 1,400 zilizopo kati ya Kala Patthar na kambi ya Annapurna si jambo la kupuuza. Aende kwa daktari wake kwanza, na hata akiruhusiwa, mimi ningempeleka Annapurna. Helikopta huwa na chupa ya oksijeni, lakini ulizia kabla hujalipa. Usisubiri kuitafuta huko juu.

Habari ambazo wauzaji hawazitangulizi

Nepal ina rekodi mbaya ya usalama wa anga. Mashirika yake yote ya ndege yamo kwenye orodha ya yaliyozuiwa kuruka Ulaya tangu Desemba 2013. Julai 2023 helikopta iliyokuwa ikirudi kutoka upande wa Everest na watalii watano wa Mexico ilianguka, na wote sita, pamoja na rubani, wakafa. Ilikuwa msimu wa mvua. Serikali ikasimamisha kwa muda safari za helikopta zisizo za lazima. Hali ya hewa ndiyo adui mkubwa kwa njia zote mbili, kwa hiyo kanuni ni moja: usiende Juni hadi Septemba, ruka asubuhi mapema, na rubani akisema leo haturuki, usimbembeleze. Wakala anayekuhakikishia kwamba mtaruka hata iweje, mkimbie.

Upande wa Everest kuna jambo la ziada. Helikopta ni nyingi, na wenyeji wa Khumbu, yaani eneo la Everest, wamechoka. Kelele zinasumbua vijiji na wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, na mtalii anayeruka juu ya nyumba za wageni hakai humo usiku wala kula humo, wala hamwajiri mpagazi. Januari 2025 vijana wa huko walipinga waziwazi na safari za watalii zikasimama kwa muda. Kwa hiyo kabla ya kulipa ulizia hali ya wakati huo, na uwe na maandishi yanayosema pesa itarudi vipi helikopta isiporuka.

Urithi: hapa Kathmandu haina mpinzani

Bonde la Kathmandu liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979, likiwa na maeneo saba: viwanja vya majumba ya kifalme vya Kathmandu, Patan na Bhaktapur, stupa (minara ya ibada ya Wabudha) za Swayambhunath na Boudhanath, na mahekalu ya Pashupatinath na Changu Narayan. Saba kwenye bonde moja, na ukiwa na dereva mzuri hakuna lililo mbali na hotelini kiasi cha kukumalizia siku.

Usiyamalize yote. Kifurushi kinachokupitisha maeneo matano kwa siku moja ni cha kukimbizana na gari, na foleni za Kathmandu hazina huruma. Mimi ningechukua Bhaktapur siku nzima, Patan nusu siku, Boudhanath jioni, basi.

Bhaktapur, kilomita 13 kutoka Kathmandu, ndio moyo wa safari. Mji umejengwa kwa matofali mekundu na mbao zilizochongwa na Wanewari, wenyeji wa asili wa bonde hili. Mtu wa Zanzibar au Lamu, aliyekua akipita kila siku mbele ya milango ya kuchonga, atajikuta anasimama chini ya madirisha yao bila kujijua: ndege, nyoka, miungu na maua vimesukwa kwenye mti bila kuachwa nafasi ya kidole. Dirisha linalojulikana zaidi ni lile la tausi, kwenye kichochoro nyuma ya uwanja wa Dattatreya, dogo kuliko unavyodhani.

Kwenye uwanja wa Taumadhi limesimama Nyatapola, hekalu la mapaa matano lililojengwa mwaka 1702 na mfalme Bhupatindra Malla. Ngazi zake zinalindwa na jozi tano za sanamu, na mpangilio wake ndio unaofurahisha. Chini kabisa ni mapandikizi mawili ya wapiganaji ambao inasemekana kila mmoja ana nguvu za watu kumi. Juu yao tembo, wenye nguvu mara kumi kuliko wapiganaji. Kisha simba, mara kumi kuliko tembo. Kisha wanyama wa ajabu wenye midomo ya ndege. Kisha miungu wawili wa kike. Watoto wa shule hukaa kwenye hizo ngazi jioni wakila karanga, wakiegemea magoti ya wapiganaji bila wasiwasi. Tetemeko la 1934 halikuliangusha, wala la Aprili 25, 2015, lililokuwa na ukubwa wa 7.8 na kuua watu karibu 9,000. Hekalu la jirani la Vatsala lililala chini siku hiyo, limejengwa upya. Utaona tofauti kati ya mti wa zamani, mweusi kwa moshi na mikono ya watu, na mti mpya ambao bado una rangi ya asali.

Usiondoke Bhaktapur bila kupita uwanja wa wafinyanzi, ambako vyungu vinaanikwa juani kwa mamia, na bila kula juju dhau. Ni maziwa mgando ya nyati, yanayogandishwa kwenye bakuli la udongo ambalo halijapakwa kitu. Udongo unafyonza maji, mgando unabaki mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Wanakupa na bakuli lake.

Patan ni ya mafundi wa shaba. Kwenye vichochoro vyake watu bado wanatengeneza sanamu za shaba kwa kuimwaga ikiwa imeyeyushwa kwenye kalibu ya udongo ambayo nta yake imeyeyushwa ikatoka, kazi ya vizazi na vizazi. Jumba la makumbusho lililomo ndani ya kasri ya zamani ni bora kuliko yote nchini, na hekalu la Krishna la mwaka 1637, la mawe matupu kati ya majirani wa matofali na mbao, linaonekana kana kwamba limepotea njia.

Boudhanath nenda jua likizama. Kilele chake kiliharibiwa na tetemeko kikafunguliwa tena Novemba 2016. Jioni Watibeti wazee na vijana wanaizunguka stupa kwa miguu, wote upande mmoja, wa mkono wa saa, wakisogeza shanga vidoleni. Jiunge nao, ila usiende kinyume. Pashupatinath nako kuna la kuona, lakini jua kwamba hekalu kuu haliingiwi na asiye Mhindu, na kwamba kando ya mto Bagmati maiti zinachomwa mbele ya macho yako. Weka simu mfukoni; ni msiba wa watu.

Kwa malazi, hapa anasa na urithi vinakutana mahali pamoja: Dwarika's, hoteli iliyotokana na mtu mmoja, Dwarika Das Shrestha, ambaye mwaka 1952 aliwakuta maseremala wanakata nguzo ya kale iliyochongwa, akawapa mbao mpya ili aichukue ile. Akaendelea kukusanya madirisha na nguzo zilizokuwa zinatupwa, na nyingi sasa zimo kwenye kuta za hoteli. Ni ghali. Ukitaka kuonja tu bila kulala, weka nafasi ya chakula cha jioni.

Pokhara haina kitu kama hicho. Ni mji wa starehe: ziwa, mikahawa, mashua, waruka kwa miavuli. Kuna hekalu la Bindhyabasini, kuna makazi ya wakimbizi wa Kitibeti yaliyoanza miaka ya 1960 ambako wanasuka mazulia, na kuna jumba la makumbusho la milima. Kwa msomaji wa Kiswahili ningeongeza jumba la makumbusho la Magurkha, askari wa Nepal waliotumikia jeshi la Uingereza. Vita Kuu ya Pili walipigana Burma chini ya Jeshi la Kumi na Nne, jeshi lile lile walimokuwa wazee wetu wa KAR (King's African Rifles), tuliowazoea kwa jina la keya, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Ukipita mbele ya zile picha za msituni, huenda ukamkumbuka babu wa mtu.

Pokhara ina karata moja ya urithi inayotisha, nayo ni Muktinath. Hekalu hili, lililoko juu ya mita 3,700 upande wa pili wa Annapurna, linaheshimiwa na Wahindu na Wabudha pamoja. Maji yanatoka kwenye midomo 108 ya shaba na mahujaji wanapita chini yake mbio, wakipiga kelele kwa baridi. Karibu yake kuna mwali mdogo unaowaka wenyewe kwa gesi ya ardhini, siku zote. Helikopta ya kutoka Pokhara inaweza kukupeleka kupitia bonde la Kali Gandaki, lililo kati ya Dhaulagiri (mita 8,167) na Annapurna. Lazima iwe asubuhi, kwa sababu upepo wa bonde lile ukianza kuvuma mchana hakuna mzaha. Kwa anayetaka mlima na ibada ya watu kwa ruko moja, hili linaizidi hata Everest, ila mara nyingi utalazimika kukodi helikopta nzima.

Mimi ningepanga hivi

Urithi wa Kathmandu, helikopta ya Pokhara. Usiku wa kwanza na wa pili Kathmandu au Bhaktapur kwenyewe, kwa maana mji ule usiku, watalii wakishaondoka, unarudi kuwa wa wenyewe. Siku ya tatu ndege ya asubuhi kwenda Pokhara, kama dakika 25. Siku ya nne helikopta, na siku hiyo hiyo jioni au kesho yake kurudi. Barabara ya Kathmandu hadi Pokhara ni kilomita 200 tu lakini inakula siku nzima, kwa hiyo haifai kwa safari fupi. Doa la mpango huu silifichi: unaongeza ndege mbili za ndani, na Januari 2023 ndege ya abiria kwenye njia hiyo hiyo ilianguka Pokhara na kuua wote 72 waliokuwemo. Mwenye hofu na hilo abaki Kathmandu achukue ya Everest. Atakuwa na ruko moja tu na asubuhi mbili au tatu za akiba endapo ya kwanza itafungwa na mawingu. Akiba hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa upande wa Everest. Pokhara kwa usiku mmoja ni kamari.

Kuna pia njia ya tatu inayosahaulika. Ndege ndogo za abiria huruka kutoka Kathmandu kwa saa moja kando ya milima na kurudi, kila mtu dirishani, kwa bei ya dola mia mbili na kitu. Hutui popote. Lakini kwa anayetaka kusema ameiona Everest kwa macho yake, kisha atumie pesa iliyobaki kulala pazuri na kununua sanamu ya Patan, ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Na Mlima Kenya je? Swali la haki. Batian ina mita 5,199, Nanyuki kuna helikopta za kukodi zinazozunguka vilele na kutua kando ya maziwa ya mlimani, na wa Nairobi hahitaji pasi wala viza. Tatizo ni urithi: Lamu, mji uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, uko upande mwingine kabisa wa nchi na unahitaji ndege yake. Kwa siku tatu, na kwa Mkenya, ni safari nzuri sana. Kwa siku tano, Nepal inakupa zaidi kwa kila siku.

Msimu ni Oktoba na Novemba kwanza, Machi na Aprili baadaye, ila miezi hiyo ya pili mara nyingi huwa na ukungu wa moshi wa misitu inayoungua. Desemba na Januari milima iko wazi lakini ukungu wa asubuhi Kathmandu huchelewesha ndege. Kwa walioko Ghuba safari ni nyepesi: Doha, Dubai na Muscat zina ndege za moja kwa moja, na utakaa kando ya Wanepali wanaorudi likizo kutoka kazini, ambao ni washauri wazuri kuliko kitabu chochote. Viza hutolewa uwanjani kwa dola 30 kwa siku 15, na wenye pasi za Kenya na Tanzania wanaipata hapo; mwenye pasi ya Somalia aombe kabla ya kusafiri. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa Waislamu, migahawa ya halali Kathmandu iko jirani na misikiti ya karibu na Ghantaghar. Kwingineko uliza, na ujue kwamba ng'ombe hachinjwi nchi hii. Nyama nyingi ya momo, vile vifuko vya unga vinavyojazwa nyama, ni ya nyati au kuku.

Kabla ya kutuma pesa, mwulize wakala mambo haya kwa maandishi: ni helikopta ya aina gani na ya kampuni ipi, abiria wangapi, tunatua wapi na kwa dakika ngapi, ada za hifadhi zimo au hazimo, na tukikosa kuruka kwa sababu ya hewa tunarudishiwa kiasi gani na baada ya siku ngapi. Na bima yako isome mwenyewe: nyingi za kawaida zina kikomo cha kimo, na kikomo hicho mara nyingi kiko chini ya Kala Patthar.